Makaa Kichwani kwa Wifi

Siku nguruwe wa Lucinda alipoingia kwenye harusi kwa kina Fauzia, Lucinda mwenyewe alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, sauti ya kwanza, macho ameyafumba. Aliposikia kelele kutoka upande wa jirani alidhani ni vigelegele. Akafurahi kwa ajili yao, akaendelea kuimba.

Havikuwa vigelegele. Fauzia alikuwa anamwoza bintiye Safina. Turubai lilifungwa nyuma ya nyumba, wanawake wamejaa, na Safina ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele kwa sababu hina ilikuwa bado mbichi. Nguruwe, jike mnene aliyelishwa makombo ya nusu ya kijiji cha Msimbati kwa ajili ya ujio wa Askofu, aliingia kupitia upande wa wapishi. Aliangusha masinia ya pilau, akapita juu ya mkeka na juu ya miguu ya bibi harusi, akatokea upande wa pili akiwa amevaa ushungi wa mtu shingoni. Safina hakuweza kukimbia. Mwimbaji aliyeshika kipaza sauti hakuacha kuimba, na watu bado wanamsifu kwa hilo. Nguruwe alikimbilia mikokoni na hakuonekana tena. Wapo waliosema amevuka Ruvuma kwenda Msumbiji, na walihakikisha wanayasema hayo Lucinda akiwa karibu, kwa kuwa wazazi wake walitoka huko wakati wa vita vya Mreno.

Jioni hiyohiyo Yassini, dereva wa bodaboda, alimwambia Lucinda alichokiona. Alikuwa anapita na abiria, akamwona Telma anachomoa miti ya mlango wa banda, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama mtu anayechambua mboga.

"Una hakika ni Telma?"

"Mama Vania, nilimsalimia. Akaniitikia."

Telma alikuwa wifi yake, dada wa mumewe Raimundo. Nyumba zao zilitazamana uani. Kwa miaka mingi, kila alipokuja mgeni mkubwa kigangoni, mpishi mkuu alikuwa Telma. Alipika vizuri, hakuna aliyekataa hilo, lakini aliwatukana wasaidizi wake hadi wengine walitoka jikoni wakilia. Mwaka huu Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, Vania binti ya Lucinda akiwa mmoja wa watakaopakwa mafuta, na akina mama walikaa wakamchagua Lucinda apike. Telma hakusema neno kwenye kikao. Alisubiri nguruwe anenepe.

Raimundo alipoulizwa maoni yake kuhusu dada yake, alikumbuka kwamba kuna injini ya boti inamsubiri ufukweni. Raimundo alikuwa fundi wa injini za boti, na injini zote za Msimbati ziliharibika mara tu mke wake na dada yake walipoanza kutazamana.

Lucinda hakupiga kelele. Aliagiza upupu kwa ndugu zake wa Nanyamba. Ukaletwa umefungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki, na mpango ukawa kuunyunyiza ndani ya sare ya kwaya ya Telma, Jumapili kabla ya misa, hasa sehemu ambazo mwanamke hawezi kujikuna mbele ya altare. Lakini Lucinda alikuwa mtu wa dini. Hakutaka kupokea komunyo na dhambi moyoni. Kwa hiyo Ijumaa alikwenda kuungama.

Haya tunayajua kwa sababu aliyasimulia mwenyewe bombani. Padre hajawahi kusema neno.

Padre Josephu alikuwa kijana kutoka Mbinga, hajazoea joto la pwani, na hata ndani ya kiti cha maungamo alikaa na taulo begani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, mama."

"Padre, nimekuja kuungama dhambi ya Jumapili."

"Jumapili iliyopita."

"Ijayo."

Padre alisogeza taulo begani. "Mama, dhambi haiondolewi kabla haijatendwa."

"Kwa nini? Jumapili baada ya misa unakwenda Mtwara mjini. Nikishaitenda nitamuungamia nani, katekista Pascal? Atamwambia mkewe."

Ikabidi aeleze yote: nguruwe, hina, ushungi, upupu. Padre Josephu alisikiliza huku akifuta shingo. Lucinda alipomaliza, Padre akamwambia ambacho padre yeyote angemwambia: aliyekutendea ubaya usimrudishie ubaya, ishi kwa heshima mbele ya watu wote, hata wasiosali nasi, na kisasi mwachie Mungu.

"Mungu namjua, Padre. Anachelewa."

"Hachelewi. Tena umefundishwa zaidi ya hapo. Adui yako akiwa na njaa, mlishe. Akiwa na kiu, mpe maji. Ukifanya hivyo utakuwa unampakia makaa ya moto kichwani."

Lucinda, aliyekuwa amepiga magoti kwa uchovu, akanyanyuka kidogo.

"Makaa."

"Ndiyo."

"Ya moto."

"Ni lugha ya mfano, mama."

"Lakini yanaunguza."

"Yanaunguza dhamiri," alisema Padre, ambaye tayari alikuwa anaona kwamba mahali fulani amekosea njia.

"Na hayo yako kwenye maandiko. Hujayatunga wewe."

"Yako, mama."

Katika maisha yake yote ya kusali, hakuna aliyewahi kumwambia Lucinda kwamba dini yake ina silaha ya namna hiyo. Alitoka pale akiwa mwepesi. Kabla hajafika mlangoni, Padre alimwita.

"Na huyo jirani mwenye harusi, umekwenda kumwona?"

Hakuwa amekwenda. Alikuwa na aibu. Tangu siku ile alikuwa anapita njia ya nyuma ya shule ili asikutane na Fauzia, na njia hiyo ilikuwa na mbwa.

Alirudi nyumbani, akaumwaga upupu kwenye shimo la choo, akajiona amemaliza. Aliyefuata kuingia chooni alikuwa Raimundo, na kwa bahati mbaya kulikuwa na upepo. Tusiseme zaidi.

Kesho yake asubuhi Lucinda alipiga hodi kwa Fauzia. Fauzia alikuwa ameketi barazani anachambua mchele, na hakuinua uso.

"Mama Safina, nimekuja kuomba radhi."

"Pilau nimeshasamehe. Pilau ni chakula tu."

"Na mengine?"

"Yule mnyama wako amekanyaga mkeka wa mwanangu. Amegusa masinia ya mama yangu marehemu. Vyote nimeviweka kule nyuma, sivigusi. Unajua vinavyosafishwa?"

Lucinda hakujua. Fauzia akamwambia: mara saba, na mojawapo kwa udongo.

"Nionyeshe pa kuchimba udongo," alisema Lucinda, akakunja kanga.

Alisugua asubuhi nzima. Fauzia alihamishia kigoda chake kivulini karibu naye ili ahesabu, na hesabu yake ilikuwa na hasira. "Hiyo ya nne hukufika pembeni. Rudia ya nne." Lucinda alirudia ya nne. Majirani walikuja kutazama. Mkristo anayefua mkeka kwa sheria ya Kiislamu ni kitu ambacho hata watu waliokuwa na haraka walisimama kukiona, na wengine walitoa ushauri. Lucinda alitukana mara moja tu, kwa Kimakonde, chini ya pumzi, na sinia halikukasirika.

Masinia yalipoanikwa, Fauzia alimletea maji ya kunawa.

"Yassini ameniambia nani aliyefungua lile banda," alisema. "Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Lucinda alinawa hadi viwikoni. Alitamani sana kulitaja lile jina. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi kama pipi.

"Banda ni langu," alisema. "Mnyama ni wangu."

Fauzia alimvutia kigoda. "Haya. Kaa unywe kahawa."

Alipokuwa anakunywa alimweleza kuhusu makaa. Fauzia alimsikiliza kwa makini, akauliza kama ni lazima adui awe na njaa kwanza au hata akiwa ameshiba inafaa. Lucinda akasema atamuuliza Padre.

Makaa yalianza Jumatatu. Lucinda alipika pweza wa nazi na ming'oko, vile viazi vya porini, akafunika vizuri, akavuka ua. Telma alifungua mlango nusu.

"Nini hiki?"

"Chakula, wifi."

"Umeweka nini?"

"Nazi. Chumvi. Pilipili kidogo."

"Na nini?"

"Na pweza."

Telma alitoka na bakuli hadi nje, mahali pa wazi, akawaita majirani waliokuwa karibu wawe mashahidi. Kisha akamtaka Lucinda aonje. Lucinda akaonja. "Na upande huu." Akaonja. "Na hapo chini." Akaonja na hapo chini, akafuta mdomo. Telma alimkazia macho kwa muda mrefu, akisubiri aanguke. Lucinda hakuanguka. Majirani walivunjika moyo, wakaondoka. Telma akaingia ndani na bakuli, na jioni likarudi tupu, limelambwa.

Keshokutwa yake alipeleka samaki wa kupaka. Halafu maharage ya nazi. Halafu mihogo na dagaa wabichi. Kila aliporudi nyumbani alimpa Raimundo yaliyobaki, na Raimundo, aliyeanza kuona nyama ya samaki ikivuka ua huku yeye akipewa kichwa, aliuliza kama naye hawezi kuwa adui.

Jumapili ya tatu Lucinda alimvizia Padre nje ya kanisa.

"Padre, hayawaki."

"Yapi?"

"Makaa. Nimelisha hadi nimechoka. Mtu amenenepa, ngozi inang'aa, sare ya kwaya inambana. Kichwa ni kizima, tena jana amesuka."

Padre Josephu alijaribu tena kueleza kuhusu mfano. Akasema pia kwamba ukarimu unaofanywa ili mtu aungue una kasoro ndani yake. Lucinda alimsikiliza kwa heshima yote. Aliona kwamba Padre ni kijana, hajaoa, hana wifi.

Lakini kuna jambo ambalo hakumwambia Padre, kwa kuwa lilikuwa linamkera. Bakuli lilikuwa lake la pekee lenye mfuniko, na Telma alikuwa mvivu wa kurudisha, kwa hiyo Lucinda alianza kusubiri palepale hadi Telma amalize kula. Na mtu akikaa jikoni kwa mtu, anaona. Aliona sufuria moja ndogo. Sahani moja, kijiko kimoja. Kulikuwa na wali wa jana, umekauka, umefunikwa kwa gazeti.

"Hupiki?" aliuliza siku moja.

"Nampikia nani?" Telma alisema huku anatafuna. Mumewe, Kelvin, alikuwa amekwenda kutafuta kazi kiwandani Mtwara mjini, akapata kazi, na pamoja na kazi akapata mwanamke, na hakurudi. "Sufuria ndogo inaungua upesi. Ukipika kidogo huwezi kupika vizuri. Mimi najua kupika kwa watu mia. Kwa mtu mmoja sijui."

Lucinda aliitazama tena ile sufuria ndogo.

"Siku za wageni wa kanisa," Telma aliendelea, kama anayezungumza na ming'oko, "watu wanapita mlango wa jikoni wanauliza, Telma yuko wapi, Telma amefika. Siku nyingine zote mimi ni wifi ya Lucinda."

Alimsukumia bakuli. Lucinda alivuka ua akiwa na hasira kubwa, na ilimchukua muda kujua ni hasira ya kumhurumia mtu ambaye alikuwa hajamaliza kumchukia. Alikuwa amekwenda kuchoma. Hakuna aliyemwambia kwamba moshi unamrudia mchomaji.

Siku ya Askofu ilikaribia. Akina mama walikaa tena. Lucinda hakuwa na nguruwe, na jina lake bado lilinuka kwa watu wengi, kwa hiyo kazi ya jikoni ikarudi kwa Telma. Lucinda alinyoosha mkono pamoja na wengine. Wote walimtazama. Yeye alitazama dari.

Askofu alifika asubuhi, amevaa kanzu nyeupe iliyofika ikiwa na vumbi la njia ya Madimba, na misa ikaanza. Jikoni, ambako ni uwanja nyuma ya kanisa wenye mafiga na turubai, Telma alianza kuwatukana wasaidizi wake kabla ya maji kuchemka. Alimwambia Veronika, mama mzima mwenye wajukuu, kwamba anakata vitunguu kama mtu aliyekatwa mikono. Veronika aliweka kisu chini. Akafungua aproni, akaikunja vizuri, akasema yeye amekuja kumwona Askofu, akaingia kanisani. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Telma akabaki na masufuria makubwa, mafiga yanayowaka yote kwa pamoja, na mikono miwili.

Kwaya ilikuwa imekaa karibu na dirisha la nyuma. Askofu alikuwa ndiyo kwanza ameanza mahubiri pale harufu ilipoingia. Mwanzoni watu walidhani ni ubani. Lucinda, aliyeishi maisha yake yote karibu na masufuria, alijua. Alitoka kwa kuinama, kama anayekwenda kujisaidia.

Telma alikuwa amesimama katikati ya moshi ameshika mwiko. Alikuwa amefunua sufuria kubwa ya wali. Chini ulikuwa mkaa, katikati uji, juu mbichi: jehanamu, toharani na mbinguni katika chombo kimoja. Kuku walikuwa na hali mbaya zaidi. Mchuzi ulikuwa umeamua kurudi kuwa maji.

Lucinda alisimama pale, na ukweli ni kwamba alifurahi. Alifurahi furaha safi, isiyo na doa, ambayo hakuwa ameipata tangu ubatizo wa Vania. Hakuhitaji kufanya lolote. Kisasi kilikuwa kimejipika chenyewe. Angerudi kwenye benchi, angeimba, na baada ya misa kigango kizima kingejionea, pamoja na Askofu, mapadre waliotoka Mtwara, na mwenyekiti wa kijiji, Mwislamu, aliyealikwa kwa heshima.

Telma alimwona. Hakuomba kitu. Angeomba, Lucinda angemnyima, na alikuwa na maneno tayari.

"Rudi ndani, wifi," alisema Telma. Macho yalikuwa mekundu, na moshi haukuwa na kosa lote. "Utakosa kipaimara cha mtoto."

Lucinda alitukana kwa Kimakonde, safari hii kwa sauti. Kisha akapandisha sare ya kwaya hadi magotini, akakimbia.

Fauzia alikuwa nyuma ya nyumba yake na mawifi zake, wanaparua samaki. Mumewe Shafii alikuwa ameingia asubuhi na kolekole na changu wengi, na walikuwa hawajapelekwa sokoni. Lucinda alieleza huku anahema. Fauzia aliendelea kuparua hadi mwisho.

"Askofu anakula nini?"

"Kila kitu."

"Kila kitu hatuna. Tuna samaki." Alifuta kisu. "Telma simpikii."

"Najua."

"Nampikia mgeni. Mgeni wa watu ni mgeni wetu sote. Lakini vyombo vyangu, mwiko wangu, na moto wangu. Chombo chenu hata kimoja kisiguse chakula."

"Hata kimoja."

"Na wewe nenda kamwangalie mtoto. Unanuka kuungua."

Mawifi wa Fauzia walikwishasimama. Mmoja alikwenda kuazima nazi, mwingine alipuliza moto, na Safina, bibi harusi wa juzi aliyekuwa amekuja kumsalimia mama yake, alivua buibui lake akaanza kumenya vitunguu. Lucinda alirudi mbio kwa njia ileile ya mbwa, kwa kuwa ndiyo ya mkato.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimshukuru Mungu kwa mahubiri marefu. Askofu alikuwa bado anaendelea. Lucinda alipoketi, alipumua, akapata nafasi ya kumnong'oneza Padre Josephu aliyepita karibu na kwaya: "Padre, chakula kimekwama. Tuvute."

Padre alimwangalia masizi usoni, hakuuliza. Vania alipopakwa mafuta, mama yake alikuwa palepale, amesimama, ananuka moshi na jasho la mbio, analia kidogo. Baada ya hapo Lucinda aliishika ile misa. Wimbo wa matoleo ulipofika mwisho, aliirudisha kwaya kwenye ubeti wa kwanza. Waumini walipeleka matoleo wakicheza, wakamaliza, wakaona wimbo bado upo, wakacheza tena kurudi. Wimbo wa shukrani uliimbwa hadi mpiga kinanda akaanza kumwangalia Lucinda kwa huruma. Askofu, mtu mzima, alipiga makofi akidhani ndivyo wanavyosali watu wa pwani.

Walipotoka, meza zilikuwa zimejaa. Wali wa nazi mweupe, kolekole wa kupaka, changu wa kukaanga, kachumbari. Fauzia na wenzake walikuwa wamesimama pembeni karibu na masufuria yao, wameyazunguka kama askari.

Askofu alikula. Akaongeza. Akakaa akiegemea kiti, akauliza nani amepika. Katekista Pascal, ambaye alikuwa mbele kanisani muda wote na hakujua lolote, alisimama akasema kwa fahari kwamba mpishi mkuu wa kigango ni Mama Telma, na akamwita ajitokeze.

Telma alitoka nyuma ya turubai. Alikuwa amejaribu kunawa, masizi yakasambaa. Watu walipiga makofi. Askofu alimsifu kwa maneno mazuri, akasema chakula kama kile hakuwa amekula tangu Pasaka, na kwamba mikono yake ni baraka kwa Kanisa. Makofi tena.

Lucinda alikuwa amesimama mbali kidogo, na aliyaona. Kwanza paji la uso la Telma liling'aa. Kisha jasho likaanza kutiririka kutoka kwenye nywele, likapita masikioni, likashuka shingoni. Midomo ilikauka. Alikuwa anawaka. Ilikuwa kama Padre alivyosema, mfano au si mfano.

"Baba Askofu," Telma alisema, na watu wakanyamaza. "Sikupika mimi. Changu kimeungua chote, kiko nyuma kule. Hiki wamepika kina mama Safina, Waislamu, majirani. Na mimi ndiye niliyefungua banda la nguruwe akaenda kuwaharibia harusi yao."

Askofu alitazama kushoto na kulia. "Nguruwe yupi?"

Padre Josephu aliinama akamnong'oneza. Ilichukua muda, kwa sababu kulikuwa na hina na ushungi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameinamisha kichwa kwenye sahani, mabega yanatikisika.

"Huyo nguruwe ndiye tungekula leo?" Askofu aliuliza mwishoni.

"Ndiye, Baba Askofu."

Askofu alifikiri. "Basi naona alijua anakokwenda," alisema. Kisha akasimama, akavuka uwanja hadi walipo Fauzia na wenzake, akawashukuru mmoja mmoja.

Telma alibaki katikati peke yake. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Lucinda alikuwa amesubiri hali hii kwa wiki nyingi, na sasa ilipokuja aliikuta haina ladha aliyoitarajia. Ilikuwa na utamu kidogo, hatutadanganya. Lakini alimwona pia mwanamke aliyekuwa anajifuta masizi kwa kiganja mbele ya watu. Akachota maji kwenye ndoo, akampelekea kikombe.

Telma alikunywa yote bila kupumua.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "usinitazame na huo uso wa mtakatifu."

"Sina uso mwingine leo."

"Mlango wa banda nitautengeneza."

"Utautengeneza. Na kwa Fauzia utakwenda mwenyewe."

"Nitakwenda."

Alikwenda kesho yake asubuhi. Fauzia alimsimamisha nje ya mlango kwa muda mrefu, akamaliza kufagia, akamaliza kuanika, ndipo akamwambia aingie. Kahawa hakumpa. Safari ya pili alimpa, bila sukari. Mambo kama hayo yana mwendo wake.

Padre Josephu alipomuuliza Lucinda kama amemsamehe wifi yake kwa moyo wote, alijibu kwamba siku nyingi anamsamehe, na siku za kufua, wakigombea kamba, anamvumilia tu. Padre alisema inatosha kwa kuanzia.

Aliyepata hasara kwa amani hiyo ni Raimundo. Miaka yote alikuwa ameishi vizuri katikati ya vita, kwa kuwa kila mwanamke alimshtaki mwenzake kwa Mungu, akamsahau yeye. Sasa wawili hao walikaa pamoja jikoni jioni, sufuria moja kubwa katikati, na walipokwisha kuwasema wengine walimfikia yeye. Waligundua kwamba kuhusu Raimundo hawajawahi kutofautiana. Paa la Telma lilikuwa linavuja tangu Kelvin aondoke, na Raimundo alikuwa ameahidi kuliziba kila masika.

Jumamosi iliyofuata alikuwa juu ya hilo paa, misumari mdomoni, jua la saa sita likimchoma mgongo, na hapakuwa na injini hata moja iliyoharibika ufukweni. Chini yake mke wake na dada yake walikuwa wamesimama bega kwa bega, wanamwelekeza.